Gauni la Mwanamume: Nani Anamwigiza Mwanamke Hapa Pwani?



Leo sina mshono mpya wa kuwaonesha wala kitambaa kilichoingia. Nina jambo limenikaa kichwani wiki ya tatu sasa, na nimeona nilitoe hapa tulizungumze, maana nimelisomea na kuliulizia mpaka mume wangu ameanza kunicheka.

Wengi mnajua mimi ni wa Unguja niliyeolewa Bagamoyo, na duka langu la kushona liko huku. Wasanii ni wateja wangu wa kawaida, hasa msimu wa tamasha ukikaribia: mashati ya wapiga ngoma, sketi za wachezaji, mara kanzu ya mtu anayeigiza kadhi. Basi kaingia kijana wa kundi la maigizo, anataka gauni. Nikamuuliza vipimo vya huyo dada viko wapi. Akacheka, akasema, "Anti, gauni ni langu mimi." Alitaka gauni la kubana, kitambaa cha kumeta, na ndani yake nimtilie sponji kifuani na nyongani. Anaigiza mke wa pili, yule wa fitina, anayemloga mume na kula pesa za nyumba. Vipimo nikamwambia apimwe na mwenzake aliyekuja naye, mimi nikawa naandika tu.

Binti ninayemfundisha kazi alikuwa pembeni anashona vifungo. Akauliza, "Kwani kundi lenu halina wanawake?" Kijana akajibu kwa upole kabisa: alikuwepo mmoja, tena hodari, kaolewa, na mume kasema basi. Akaacha shilingi 20,000 ya utangulizi, akaenda zake.

Swali la yule binti ndilo lililonianzisha. Tangu lini hapa kwetu mwanamke anaigizwa na mwanamume, na mwanamke mwenyewe yuko wapi wakati huo?

Kwanza niseme wazi kwamba hili si la Bagamoyo peke yake wala si la Waafrika. Uingereza ya Shakespeare mwanamke hakupanda jukwaani, na wanawake wote katika michezo yake walichezwa na wavulana ambao sauti zao hazijakatika. Mpaka mwaka 1660 ndipo wanawake wa kule walipoanza kuonekana jukwaani kama waigizaji wa kulipwa. Waliosoma Mabepari wa Venisi, aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere na ikatoka mwaka 1969, watamkumbuka Porshia, anayevaa nguo za kiume ili aruhusiwe kusema mbele ya mahakama. Hebu mfikirie yule mvulana wa London: ni mwanamume, kavaa kuwa mwanamke, halafu mwanamke huyo anavaa kuwa mwanamume, na yote hayo ili akili ya mwanamke isikike mahakamani. Nilipokuwa skuli nilidhani ni kichekesho tu.

Huku kwetu maigizo ya kuchekesha, yale yaliyoitwa vichekesho, yalishamiri wakati wa ukoloni, maskulini na mitaani, watu wanapanga kisa kidogo kisha kila mmoja anasema lake papo hapo. Wanaume ndio waliotamba, na mwanamke akihitajika mmoja wao hujifunga kanga. Hata mimi nimekua nikiyaona mambo hayo kwenye sherehe za skuli na baadaye kwenye televisheni. Na nawauliza dada zangu, mwanamke anayeigizwa na mwanamume huwa ni nani? Mimi nimewahesabu wale ninaowakumbuka: mbea, mchawi, mama mkwe, mlafi wa pesa, na yule anayetembea kwa kutikisika kupita kiasi. Sijamkumbuka hata mmoja aliyekuwa mwalimu, au mama anayeuza vitumbua alfajiri asomeshe watoto. Mwanamke wa aina hiyo haitaji sponji, basi nadhani hachekeshi.

Sasa watu wakisikia hivi wanadhani mwanamke wa pwani hakuwa na maigizo yake. Alikuwa nayo, na pengine ya zamani kuliko hayo ya jukwaani. Yalikuwa ndani.

Mwaka 1903 kilichapishwa Ujerumani kitabu cha Desturi za Wasuaheli, na sehemu kubwa ya maneno yake ni ya mtu wa hapa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Humo mna harusi za pwani, mna ngoma, mna mambo ya kungwi na mwari. Ni hazina, nami nimekisoma kwa furaha kubwa. Lakini unapofika kwenye mambo ya wanawake unahisi mwandishi amesimama nje ya ua anasikiliza. Anajua ngoma inapigwa, anajua nani analipwa nini, ila ndani hakuingia, na hakuweza kuingia. Mtoro mwenyewe aliyaonja ya kuamuliwa maisha na wengine: alioa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904, na alipotaka kurudi naye nyumbani mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikakataa wasishuke pwani, akarudi Ujerumani na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Lakini hicho ni kisa cha siku nyingine.

Ndani ya ua kuna nini? Waliochezwa unyago wanajua, na mimi sitasema yasiyosemwa. Hili moja nitalisema kwa sababu halina siri: kuna mwanamke anayeigiza mwanamume. Mimi nilipokuwa mwari kungwi mmoja alijifunga msuli, akatia mto tumboni, akatembea kama bwana mkubwa anayerudi nyumbani kutoka barazani, anauliza chakula, anakohoa mlangoni, anajitia kutuona hatupo. Wanawake walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Kisha akakaa na kuanza kutufundisha, kila kicheko kina somo lake: mume akija na hasira ufanyeje, akinyamaza siku tatu maana yake nini. Yule mama hakusoma popote maigizo lakini hakuna mwigizaji wa televisheni aliyewahi kunishika kama yeye. Vugo, lelemama, unyago, zote hizi ni sanaa za maonyesho, zina mavazi, zina nyimbo za kujibizana, zina viongozi wenye vyeo.

Basi angalieni mizani ilivyokaa. Ndani, mwanamke anamwigiza mwanamume, na wanaume hawaoni. Nje, mwanamume anamwigiza mwanamke, na watu wote wanaona, wanaume, wanawake na watoto. Kwa hiyo sura ya mwanamke inayojulikana na mji mzima ni ile waliyoitengeneza wanaume, na sura ya mwanamume tuliyoitengeneza sisi inabaki uani na sufuria. Siwezi kusema nani aliipanga iwe hivyo. Ila mtoto wa kiume anayekua katika mji huo amekwisha kuambiwa mara mia mke wa pili yukoje, na hajapata kuambiwa hata mara moja bwana mkubwa anayekohoa mlangoni anaonekanaje na waliomo ndani.

Kuna wanawake waliovuka huo ua, na mimi napenda kuwataja watatu.

Wa kwanza ni wetu wa Unguja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kiasi cha mwaka 1880, katika nyumba ya mafukara, akawa anatembeza vyungu kuuza. Alikuja mjini mwaka 1911. Wakati huo taarabu ya mjini ilikuwa ya wanaume. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa kilabu cha wanaume. Ni mmoja wa watu wa kilabu hicho, Ali Muhsin, aliyemfundisha Siti uimbaji na ala, kwa hiyo na haki tuiseme, mwanamume naye alikuwapo kumfungulia mlango. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na zilinunuliwa pwani yote, kuanzia Lamu hadi huku. Alikuwa akiimba amevaa buibui. Na walimsema! Walimwimba kwamba si mzuri wa sura, kwamba kaja kutoka shamba na kaniki yake. Alijibu kwa nyimbo, akiwaambia kwa maneno yake kwamba sura si kitu mbele ya elimu na sauti.

Lakini kwa maudhui yangu ya leo muhimu zaidi ni ule wimbo wake wa Kijiti. Kisa ni cha kweli na kinatuhusu watu wa pande zote mbili za bahari. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea kwa wenziwe. Mwanamume anayeitwa Kijiti akamchukua wakaenda ngomani, na usiku huo akamuua. Kijiti akavuka bahari kukimbilia huku bara, hakushikwa. Waliobaki mbele ya hakimu ni wanawake wawili waliofuatana na marehemu, na wao ndio waliofungwa. Siti hakuwa hakimu wala mwandishi wa gazeti. Alikuwa na sauti, basi akaliimba jambo lote, jina la mwuaji kwa jina lake, na hukumu ilivyopinda, na watu wa mjini wakaimba naye.

Nilipousikiliza tena wimbo huo juzi nilizima cherehani. Karibu miaka 100 imepita, na mara ngapi tumesikia mwanamke kafanyiwa ubaya kisha swali la kwanza likawa alikwenda kufanya nini huko, alivaa nini, alikuwa na nani? Ukimwachia mwanamume mwenye kanga akiigize kisa hicho, mimi naogopa atawachekesha watu kwa wale wanawake wawili.

Wa pili ni Bibi Titi Mohamed, wa Dar es Salaam, aliyezaliwa mwaka 1926. Huyu watu wanamjua kwa siasa, na barabara kubwa ya mjini ina jina lake, lakini alianzia kwenye ngoma. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kundi la wanawake lililoitwa Bomba. Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akawauliza viongozi wa TANU, wanawake wenu wako wapi? Wanaume wakatazamana. Ndipo akatafutwa Bibi Titi. Naye hakuanza na ofisi wala mihuri, alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma za wanawake, vya lelemama na vinginevyo, maana huko ndiko wanawake walikokwisha kujipanga wenyewe, wana mama wao, wana mweka hazina, wanajua kuitana. Kwa muda wa miezi mitatu hivi wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameingia chama, wakati wanaume wengi wenye kazi serikalini wanaogopa hata kuonekana wamesimama karibu na kadi.

Nimelirudia hilo mara nyingi kichwani. Kile kilichoitwa mambo ya wanawake, ngoma za uani, ndicho kilichojaza viwanja vya mikutano ya uhuru. Bibi Titi akapanda jukwaani mbele ya wanaume na wanawake, akasema kwa sauti ile ile ya Bomba. Baadaye alikuwa mbunge na waziri mdogo, akaanguka uchaguzi wa 1965, akakamatwa mwaka 1969 kwa kesi ya uhaini, akahukumiwa maisha, akaachiwa mwaka 1972 na kuishi kimya miaka mingi mpaka alipofariki Novemba 2000. Historia ya uhuru iliandikwa na wanaume, na kwa muda mrefu jina lake halikuwemo au liliwekwa mwishoni.

Wa tatu yu hai, naye ndiye aliyeshika kalamu yenyewe ya tamthilia. Profesa Penina Mlama, ambaye vitabu vyake vya mwanzo vilitoka kwa jina la Penina Muhando. Tangu miaka ya 1970 ameandika michezo kwa Kiswahili: Hatia, Tambueni Haki Zetu, Pambo, na mwaka 1982 Nguzo Mama. Huu wa mwisho ndio unaonigusa. Kuna kijiji kinaitwa Patata, na wanawake wa kijiji hicho, ambao hawana hata majina isipokuwa namba, wanajaribu kuisimamisha nguzo. Nguzo haisimami. Wanaume wanawavuta huku, lakini na wao wenyewe wanagombana, mmoja anamwonea mwenzake wivu, mwingine ana biashara yake, mwingine ana pombe yake. Hakutupaka asali. Aliona kwamba kuonewa na mwanamume hakumfanyi mwanamke kuwa malaika, na sidhani kama mwanamume angeandika hivyo bila sisi kumlaumu.

Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba hawakuishia vitabuni. Miaka ya 1980 walikwenda vijijini na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Malya huko Mwanza, na Msoga upande wetu wa Chalinze, wakafanya maigizo ambayo wanakijiji wenyewe wanachagua tatizo, wanalichunguza, wanaliigiza, kisha wanakaa kulijadili. Hapo mwanamke haigizwi na mtu, anajisemea. Na mwaka 1996 wakaanzisha Tuseme katika skuli za sekondari, ambako wasichana wanaigiza yanayowasibu: mwalimu anayewasumbua, mimba, baba anayetaka kumwoza mtoto, kazi za nyumbani zinazomla muda wa kusoma. Tuseme imesambaa nchi nyingine za Afrika. Nasikitika skuli niliyosoma mimi haikufikiwa, maana yalikuwepo ya kusema.

Na chuo chetu hapa Bagamoyo? Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Kimetoa wasanii wakubwa, na katika hao wanawake wapo, mimi mwenyewe nimewashonea. Lakini ukikaa mtaani utasikia. Mtu akisema mwanangu wa kiume yuko chuo cha sanaa, ataulizwa anapiga ngoma gani. Akisema ni binti, watu wananyamaza kidogo. Hapo hapo mjini kuna ukoo wa Zawose, wa marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha chuoni na kulitangaza jina la Tanzania ulimwenguni mpaka alipofariki mwaka 2003. Wanawake wa ukoo huo kwa miaka mingi walikuwa nyuma, wanaitikia na kucheza. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, Maisha, kwa jina la Zawose Queens, wao mbele wanaimba na kupiga. Kwetu Unguja nako Bi Mariam Hamdani alianzisha Tausi, kundi la taarabu ambalo wanawake ndio wanaopiga vyombo, fidla, ganuni, udi na vyote. Miaka 100 baada ya Siti kufundishwa, bado ni habari mtu akimwona mwanamke kashika fidla.

Sasa nafika pale penye uzito, na ndipo niliposita kuandika. Wapo watakaoniambia, dada, wewe unashinda kwenye darsa na unavaa stara, inakuwaje unatetea wanawake wapande majukwaani? Haya yako wapi?

Nitajibu ninavyojua, na mwenye elimu anirekebishe. Sisemi kila jukwaa ni zuri. Kuna maigizo na kuna mipasho ambayo mimi siwezi kukaa kuitazama na watoto wangu, na mwanamke akisema hilo silifanyi kwa sababu ya dini yangu, nitamheshimu na nitasimama naye. Hilo ni lake kuchagua. Ninachokikataa ni mizani mbili. Dada zangu, sote tumefundishwa ile hadithi ya wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya sikukuu, Sayyidna Abubakar akawakemea, na Mtume swalla Allahu alayhi wasallam akamwambia awaache. Mtasema ilikuwa ndani ya nyumba, na mimi nakubali. Lakini tumefundishwa pia Suratul Mujaadila. Khawla binti Thaalaba alitamkiwa na mumewe maneno ya kumfanya kama mama yake, akabaki ananing'inia, si mke wala si huru. Hakunyamaza uani. Alikwenda kulalamika na kujadiliana, na mlalamiko wake ukasikiwa kutoka juu ya mbingu saba, sura nzima ikabeba jina la mjadala wake. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sauti ya mwanamke anayedai haki ni aibu kwa dini.

Na hili jingine ndilo lililoninyima usingizi. Hadithi inayolaani wanaume wanaojifananisha na wanawake, na wanawake wanaojifananisha na wanaume, nayo tumefundishwa, tena tunaijua vizuri sana. Yule mume aliyemkataza mkewe kuigiza, kwa jina la dini, siku ya onyesho atakuja kukaa mbele, na atacheka akimwona mwanamume mwenye ndevu alizonyoa asubuhi, kavaa gauni na sponji, anamfanya mke wa pili kuwa kiroja. Hatasema neno. Mwanamke akisimama pale na stara yake aseme maneno ya kweli, ni fitna. Mwanamume akisimama pale na nyonga za kushonwa, ni burudani. Niambieni hiyo ni dini au ni kitu kingine kilichovaa kanzu ya dini.

Na mimi ndiye fundi niliyekwisha kupokea pesa ya hilo gauni.

Nilimuuliza mwalimu wetu wa darsa, mama mtu mzima ambaye hasemi ovyo. Hakunijibu kwa haraka. Akauliza kwanza, je yule bibi kungwi wako aliyejifunga msuli, naye umemuuliza? Nikanyamaza, maana kweli, nimecheka na yeye miaka yote na sikuwahi kumtilia hadithi ile. Akasema kuna wanazuoni wanaotofautisha mtu anayejigeuza maisha yake na mtu anayeigiza kwa mafunzo, na kuna wasiotofautisha, na kwamba kama moyo wangu una shaka basi niiache kazi ile. Kisha akaniambia, "Lakini mwanangu, usiwaonee wenye gauni ukawasahau waliomkataza mwenye gauni lake." Nimekaa na neno hilo mpaka leo.

Yule kijana aliporudi kuulizia nilimwambia ukweli. Nikamwambia mwanangu, sikukatalii kwa ubaya, wewe ni mteja wangu na mashati yako nitashona. Gauni hili sitashona kwa ajili yako. Lete mwanamke, yeyote mtakayempata, nitamshonea la heshima na la kupendeza, tena bure, hata kama ni usiku wa kuamkia onyesho. Hakukasirika. Akakuna kichwa, akasema, "Anti, huyo mke wa pili tutampata wapi, mwanamke gani atakubali kuigizwa mbaya hivyo?" Nikamwambia labda akija mwanamke, yule mke wa pili hatakuwa mbaya hivyo, atasema kwa nini alikubali kuolewa wa pili. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akafikiri kweli, akasema itabidi wabadilishe mchezo wote.

Mpaka ninapoandika hajarudi. Zile 20,000 nimezifunga kwenye kitambaa ziko mtotoni mwa meza, zake. Na yule binti wangu wa vifungo jana, wakati tunafunga duka, aliniuliza kama nguo ya mke wa pili ikiwa si ya kubana, mikono mirefu na mtandio, je mama yake angekubali. Nikamwambia tutakwenda kumwuliza mama yake pamoja, Ijumaa baada ya sala, in sha Allah.